R Si Rukia

Karani alikuwa na tabia ya kunusa karatasi kabla ya kuisoma. Ukimpa barua, aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza puani, ndipo akavaa miwani. Siku moja nilimuuliza ananusa nini. Akaniambia barua ya serikali hainuki kitu, ya benki inanuka plastiki, na ya mtu anayetaka kukuibia inanuka manukato. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania, maana uso wake haukuwa na nafasi ya utani. Utani wote ulikaa kwenye maneno.

Sote tulimwita Karani. Jina lake halisi lilikuwa limebandikwa kwenye sanduku lake la barua pale chini ya jengo, jina refu la Kigoa ambalo ungehitaji kupumzika katikati, lakini hakuna aliyelitumia. Hata yeye akipiga simu alisema, "Karani hapa." Alizaliwa wapi, tena na nani, hayo atayajua padri wake. Mimi nitasema niliyoyaona, na nitayasema kadiri yanavyonijia, kwa sababu mzee yule alinirudishia rafiki niliyekuwa nimeshamtupa kwa ajili ya herufi moja, na deni la namna hiyo halilipwi kwa kukaa kimya.

Rafiki mwenyewe ni Rukia, mwanamke wa Tanga. Tulikaa ghorofa moja Rexdale, mlango wake wa pili kutoka kwetu, na tulifika Kanada mwaka mmoja, yeye na pacha wake wawili, mimi na mume wangu na binti yetu Neema. Nilipokuwa na zamu ya asubuhi kiwanda cha mikate, Rukia ndiye aliyempeleka Neema shule. Alipokuwa na zamu ya jioni, pacha walikula kwangu na kulala kwangu. Ramadhani futari ilivuka ukumbi kuja kwetu, Krismasi pilau ilivuka kwenda kwake. Ufunguo wangu wa akiba ulikuwa kwake. Katika nchi ambayo watu hupanda lifti wakitazama viatu vyao, huyo ndiye alikuwa ndugu yangu, na huyo ndiye niliyekuwa karibu kumpoteza.

Lakini nianze na Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi Karani alishuka kutoka ghorofa ya tatu na mkoba wa ngozi, akavuka barabara mpaka kwenye duka kubwa, akakaa kwenye ukumbi wa vyakula, meza ya dirishani inayotazama kituo cha basi la Kipling. Aliagiza chai moja. Alipanga vitu vyake: rula, kioo cha kukuzia, stepla, kalamu mbili za wino mweusi na moja ya bluu. Kufika saa nne watu walikuwa wameshapanga foleni, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi, kila mtu na bahasha yake. Hakumtoza mtu. Alipokea maandazi tu, na ukiweka iliki nyingi alikuambia.

Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, cha enzi zile. Hakusema "niambie", alisema "tafadhali nijulishe". Hakusema "sawa", alisema "imepokelewa". Neema, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza kama wenzake wote waliokulia hapa, alimsikiliza siku moja kwa makini halafu akaninong'oneza, "Mum, he talks like a letter." Nilimkanya, ingawa alikuwa amesema kweli tupu.

Jambo alilolisimamia kuliko yote ni sahihi. Hakumruhusu mtu kuweka sahihi kwenye fomu kabla ya kuijaribu mara kumi kwenye karatasi ya kutupa. Alisema sahihi ni uso wako unaouacha nyuma ukishaondoka, na hakuna mtu anayeacha uso wake hovyo. Dereva mmoja wa lori, Mkenya, alichoka kabisa. "Mzee, hii ni form tu, si wedding," akasema. Karani akamjibu kwamba watu wengi wamejuta kwa ajili ya fomu kuliko kwa ajili ya harusi, akamsogezea karatasi nyingine. Dereva akaandika, akacheka, akaandika tena. Leo hii sahihi yake ni nzuri mno, ukiiona utadhani ni ya waziri.

La pili alilolisimamia ni kusoma kila kitu. Karatasi husomwa yote au haisomwi, ndivyo alivyosema, na alisoma mpaka vile vinamba vidogo vya mpiga chapa vilivyo chini kabisa pembeni. Mama mmoja wa Bukavu alimletea ukurasa wa kwanza tu wa barua ya wenye nyumba. Akamuuliza ukurasa wa pili uko wapi. "Papa, ile ya pili ni ya bure, iko blanc," mama akasema. Karani akamwambia akamletee hiyo blanc. Yule mama alirudi mpaka Islington kwa basi, akaileta karatasi tupu, Karani akaitazama mbele na nyuma, akashukuru, ndipo akaanza kusoma ile ya kwanza.

Sasa mtu kama huyo ungedhani sanduku lake la barua ni safi. Thubutu. Lilikuwa limefurika. Mleta barua alisukuma kwa kiganja, na nyingine zikaanguka sakafuni, sisi tukaziokota na kumpelekea, naye akatushukuru na kuziweka juu ya jokofu pamoja na dada zao, barua za zamani. Hakufungua barua zake mwenyewe. Nilipomuuliza, alisema daktari hajichomi sindano. Nikamwambia daktari hujichoma siku hizi. Akasema basi kazi imeshuka hadhi.

Na alikuwa na Kilatini. Alikijua tangu utoto wake wa kutumikia misa, na hakuwasamehe mapadri kukiacha. Lakini Kilatini alichokipenda zaidi hakikuwa cha kanisani. Kilikuwa kile kidogo, cha herufi mojamoja, ambacho wafalme wa Uingereza hukiweka nyuma ya majina yao wanapoweka sahihi. Alikuwa na nakala ya cheti fulani cha zamani ndani ya fremu, kimetiwa sahihi na malkia: jina lake, halafu R. Mzee mmoja wa Kongo, baba wa watu, alipoiona aliuliza kama hiyo R ni jina la mumewe. Sijawahi kumwona Karani akifurahi vile. Alimkalisha, akamtilia chai, akamweleza kwamba malkia hana haja ya jina la mume, wala la baba. Ana jina lake, na ana R, nayo ni Regina, yaani malkia. Akiwa mwanamume ni Rex, mfalme. Yule mzee akafikiri, akasema kumbe ni kazi yake, si jina. "Sawasawa," Karani akasema. "Ni kama mimi."

Alitoa sarafu mfukoni akatufundisha kusoma duara la maneno yaliyozunguka kichwa cha malkia, D na G, kwa neema ya Mungu. Alitusimulia kuwa zamani wafalme wale waliandika R na I, mfalme na mtawala wa dola, kwa sababu ya Bara Hindi, na India ilipojitawala ile I ikabidi idondoke. Nchi nzima imeondoka, alisema, na kilichopungua kwenye karatasi ni herufi moja. Alisimulia hilo kwa raha ya mtu anayesema umbea.

Kisa chake kikubwa, ambacho nimekisikia si chini ya mara sita, kilihusu ofisi aliyokuwa akifanyia kazi kwetu Tanganyika, karani mdogo kuliko wote. Kwenye mafaili ya kesi waliandika R dhidi ya fulani, yaani malkia dhidi ya fulani. Ukaja uhuru, ikaja na jamhuri, akaambiwa akusanye mihuri yote ya kikoloni ikateketezwe. Akaikusanya. Alipofika kwenye ule wa R, mkubwa wake mpya akaushika, akautazama, akaurudisha mezani. Jamhuri kwa Kiingereza nayo inaanza na R. "Walishusha bendera," Karani alisema, "wakabakiza herufi." Hapo sote tulicheka. Aibu yangu ni kwamba nilicheka mara zote sita na sikujifunza kitu.

Mtu angesema basi alikuwa mpenzi wa wafalme. Hata kidogo. Alisema mfalme ni karani mwenye karatasi nzuri, na kwamba amewahi kuona makarani waliofanya kazi zaidi. Alikumbuka nani alikaa kiti gani ofisini kwa sababu ya rangi ya ngozi, na alikumbuka bila kupandisha sauti. Hata hivyo malkia alipofariki, Jumamosi iliyofuata Karani alishuka na tai nyeusi. Tukampa pole kwa mzaha. Akasema hamlilii mtu, anaangalia tu mambo yanavyokwenda. Mtu amekufa, akasema, lakini herufi haikufiwa. Na Jumamosi hiyohiyo, ndiyo tai nyeusi hiyohiyo, nilimpelekea bahasha yangu.

Nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa Machi mwaka ule, mwezi ambao Toronto hujifanya baridi imekwisha, mume wangu alirudi asubuhi kutoka zamu ya ghala karibu na uwanja wa ndege. Mlango wa jengo ukakataa. Kile kidude cha kufungulia kilikuwa kimekufa, kengele ya msimamizi haikujibiwa, na yeye alikuwa amesimama kazini kwa muda wa saa kumi na mbili bila kukaa. Mume wangu ni mpole kiasi kwamba mama yangu alisita kumkubali. Lakini asubuhi ile aliupiga mlango teke, akaupiga tena, na kioo kikapasuka chote. Pale chini ndani, karibu na lifti, alikuwepo mtu mmoja tu akienda kazini, naye ni Rukia. Msimamizi akaita polisi. Mume wangu akashtakiwa kwa kuharibu mali.

Rukia hakuniambia chochote zaidi ya pole. Nami sikumuuliza, kwa kuwa nilikuwa na haya. Miezi ikapita. Mwezi wa Julai mume wangu alikwenda mahakamani mara ya kwanza, akarudi na bahasha nene, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akasema hataki kuiona, akalala. Niliifungua mimi. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa herufi nene: R, nukta, halafu ile v ambayo naijua kwenye mechi za mpira, halafu jina la mume wangu.

Sikufungua ukurasa wa pili. Wa nini? Mtu anayeanza na R anashindana na mume wangu. Mtu aliyekuwepo pale chini ni mmoja, na anaanza na R. Nilisimama jikoni, nikakumbuka kila sahani niliyompelekea. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako. Nilikwenda kwake nikagonga, nikamwomba ufunguo wangu wa akiba, akanipa huku ananitazama, na nikaondoka nao.

Kwa miezi miwili na zaidi sikumsalimu. Nikipanda lifti pamoja naye nilijifanya nasoma simu. Pacha wake walikuja kumwita Neema, nikasema Neema ana kazi za shule. Neema akaniuliza nini kimetokea, nikamwambia mambo ya watu wazima. Mume wangu akaniuliza pia, nikamwambia alale. Nililia kiwandani chooni mara tatu, na kila mara nilijiambia nalia kwa hasira. Haikuwa hasira. Nilimtaka rafiki yangu, na kumtaka kulinikasirisha zaidi.

Tarehe ya pili ya mahakama ilipokaribia ndipo nikaipeleka ile bahasha kwa Karani, nijue mume wangu aende na nini. Alinusa. Alivaa miwani. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akarudi mwanzo akasoma tena, na chai yake ikapoa. Sikuwahi kumwona akisoma karatasi mara mbili. Akaniuliza nani mwingine ameisoma. Nikamwambia ni mimi tu, ukurasa wa kwanza, na mume wangu hajaigusa. Akaniomba nimjulishe shida yangu ni nini hasa.

Nikaweka kidole juu ya ile herufi. "Shida yangu ni huyu. Rukia ametushtaki."

Alikitazama kidole changu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya ile tai nyeusi.

"Mama Neema," akasema, "R si Rukia."

"Ni nani basi?"

"Ilipopigwa chapa karatasi hii alikuwa malkia. Tangu juzi ni mfalme."

Nilidhani uzee umempata pale pale mezani. Lakini alieleza taratibu, kama alivyomweleza yule mzee wa Kongo, na safari hii nilisikia. Katika nchi hii kesi zote za jinai ni za taji. Ukiiba kuku, umemwibia mwenye kuku, lakini anayekushtaki ni mfalme. Alinitajia mtu mmoja aliyesomewa shtaka lake, Regina dhidi yake, akajitetea kwamba hajawahi hata kufika Regina, kwa kuwa alijua ni mji wa huko magharibi. Kwetu wanasema Jamhuri dhidi ya fulani, akasema, hapa ni mfalme dhidi ya fulani, na mfalme hamjui mume wako. Halafu akasema polepole, akichagua maneno, "Rukia hayumo katika herufi hii."

Nilipumua. Siwezi kueleza kwa namna nyingine. Pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Julai ilitoka, na machozi yakaifuata, katikati ya ukumbi wa vyakula, watu wanakula viazi. Karani alijifanya anatafuta kitu mkobani mpaka nilipomaliza. Kisha akazipanga zile karatasi pembe kwa pembe, akazirudisha ndani ya bahasha, akaipiga stepla mara tatu mdomoni, na juu akaandika "Wakili". Akaniagiza nimkabidhi wakili wa pale mahakamani kama ilivyo.

Nikamuuliza nitamwambia nini Rukia. Akasema nimwambie nimemkosea, basi. Nisieleze sana. Maelezo mengi huzaa maswali.

Niligonga mlango wa Rukia saa ileile, koti bado mwilini. Alipofungua nikasema nimemkosea, anisamehe. Nilitegemea anikaripie, na nilistahili. Badala yake alishika mlango, uso ukamvurugika, akalia kuliko mimi, akijifuta kwa kanga. Nikaanza kumweleza habari ya herufi. Akaniwekea kiganja mdomoni.

"Yaliyopita si ndwele," akasema. "Usiniambie kitu. Ingia."

Nikaingia. Tulikula chapati za jana na chai ya tangawizi, pacha wakaenda kumwita Neema mbio, na nyumba ikawa na kelele zake za kawaida. Nilishangaa kidogo kwamba aliyekosewa analia kuliko mkosaji. Nikasema ndio moyo wake ulivyo. Furaha haikunipa nafasi ya kufikiri zaidi, na ufunguo wangu niliurudisha kwake jioni hiyo.

Kesi nayo ikaisha bila kishindo. Wakili alizungumza na upande wa mashtaka, mume wangu akapewa saa kadhaa za kujitolea kupanga vyakula vya msaada, na shtaka likafutwa. Alirudi nyumbani akalala saa kumi na nne. Mimi nilimtangazia kila mtu kwamba mfalme ametusamehe. Nilipomsimulia Neema kisa cha R, alinitazama kwa huruma. "Everybody knows that, Mum," akasema. Ningemuuliza yeye mwezi wa Julai ningejiokolea machozi, lakini mama gani humuuliza mtoto?

Karani aliendelea na meza yake miaka miwili zaidi. Aliteta na padri kuhusu nyimbo, alikataa simu ya kisasa, na alihudhuria kila sherehe ya uraia ya watu wetu akiwa na koti na tai, akikaa nyuma, akitikisa midomo wakati wa kiapo. Sasa kiapo kilikuwa cha mfalme, si cha malkia tena, na waliokosea aliwasahihisha. Halafu miguu ikamkatalia. Mpwa wake alikuja kutoka upande wa ziwa, hapahapa Toronto, akamhamishia kwenye nyumba ya wazee huko Etobicoke. Waliofungasha wanasema barua za juu ya jokofu zilijaza maboksi mawili, na aliwaamuru wazichukue zote pamoja naye, zikiwa zimefungwa vivyo hivyo.

Mara ya mwisho nilimwona Februari iliyopita. Barabara zilikuwa barafu tupu, Rukia akaniendesha kwa gari lake. Alikuwa na kikohozi, na pale mlangoni hawamruhusu mwenye kikohozi kupanda kwa wazee, kwa hiyo akabaki garini kwenye maegesho, injini inaunguruma. Nikapanda na maandazi yasiyo na iliki.

Karani alikuwa amepungua mpaka kiti kimemzidi. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, akanijua, akaninusia menyu ya chakula cha mchana akasema hainuki kitu, kwa hiyo ni ya serikali. Tulicheka. Tukazungumza habari za jengo. Kisha akauliza Rukia hajambo. Nikamwambia yuko chini garini, ndiye aliyenileta.

"Bado ni rafiki yako?"

"Bado, mzee. Ni ndugu."

Alifumba macho kidogo. Nilidhani amesinzia. Alipoyafumbua akasema basi anaweza kunijulisha jambo.

Ukurasa wa nne wa ile bahasha, akasema, ulikuwa maelezo ya Rukia kwa polisi. Hakuwaendea yeye. Walimkuta palepale chini, wakamuuliza, akasema aliyoyaona: kwamba mume wangu aliupiga mlango teke mara mbili na kioo kikavunjika. Akaongeza kwamba alikuwa hatua chache tu, anakimbilia kumfungulia, na kwamba mtu yule ni mpole, asubuhi ile alikuwa amechoka na baridi. Chini akaweka sahihi. Sahihi nzuri, Karani akasema, alikuwa amemfundisha mwenyewe.

"Nimewasomea watu karatasi zao miaka sitini," akasema. "Ile ndiyo pekee niliyomsomea mtu nusu. Nilikosea?"

Nitasema kweli, nilikasirika. Si Rukia aliyenikasirisha, ni yeye. Nilijiona nimefanywa mtoto, mtu mzima na akili zangu, nimepigiwa stepla mbele ya macho yangu. Halafu nikajiuliza Jumamosi ile, nikiwa na miezi miwili ya sumu tumboni, ningelisoma jina la Rukia pale na sahihi yake chini, ningefanya nini. Ningerudi nyumbani na karatasi mkononi, nimepata ushahidi. Nisingegonga ule mlango mpaka leo. Na maneno yaliyofuata, yale ya upole na baridi, nisingeyaona kabisa, maana mwenye hasira hasomi mpaka mwisho.

"Hukukosea, mzee," nikamwambia, na hasira ikawa imeondoka kweli.

"Imepokelewa," akasema. Akanyoosha mkono kwenye maandazi, akala mawili, na nilipoaga alikuwa amelala akiwa ameketi. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Siku ile nilipotoka kwake niliteremka kwa ngazi ili nipate muda. Garini Rukia alikuwa amewasha redio na hita, akanifungulia mlango kwa ndani. Nilikaa. Ningeweza kunyamaza, naye Karani asingenilaumu. Lakini nilishachoka na mambo yanayokaa ndani ya bahasha.

"Karani ameniambia ulitoa maelezo polisi," nikasema. "Ile habari ya mlango."

Alizima redio. "Amekuambia leo?"

"Leo."

"Kwani ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

Alitazama mbele kwenye theluji, mikono miwili juu ya usukani ingawa gari lilikuwa limesimama. Alikohoa. Nilipogeuka kumtazama, machozi yalikuwa yanamtoka kama siku ile mlangoni.

"Uliponichukulia ufunguo nilijua umeyasoma," akasema. "Halafu ukaja ukagonga. Mimi nilidhani umekuja kunisamehe."

Ndipo nikamweleza yote, yale aliyonikataza nisiseme: herufi, jikoni, mechi ya mpira, malkia, mfalme. Alinisikiliza mdomo wazi. Alianza kucheka kabla hajamaliza kulia, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nami nikampiga mgongoni.

Alipotulia akajifuta uso kwa glavu, akanigeukia.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "sijasamehewa?"

"Hujasamehewa."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe," nikasema. "Endesha gari."